Karakana ya mita 3 kwa 4: kituo cha useremala kinachohamishika kipangwe vipi?

SWALI: Mimi ni seremala wa samani, naishi Tanga. Baada ya kufanya kazi kwa miaka mingi katika karakana za watu, nimetenga chumba nyumbani kwangu chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4.2. Mlango wake una upana wa sentimita 90, uko kwenye ukuta mfupi na unafunguka barazani. Ninao msumeno wa duara wa kushika mkononi, keekee ya umeme, randa ya umeme na mashine ya kupiga msasa, na ninakusudia kununua meza ndogo ya msumeno. Nimeona picha za meza moja kubwa yenye magurudumu ambayo imebeba mashine zote. Je, inanifaa? Niweke magurudumu ya aina gani, na umeme niupitishe vipi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye magurudumu, naomba tuanze na mbao yenyewe, kwa sababu ndiyo inayopaswa kuamua kila kitu kitakaa wapi. Mbao za paina zinazoshuka kutoka Mafinga huuzwa mara nyingi kwa urefu wa futi 12, yaani takriban mita 3.66, na karatasi ya plaiwudi ina sentimita 122 kwa 244. Mbao inayopasuliwa kwa urefu kwenye meza ya msumeno huhitaji nafasi ya urefu wake wote kabla ya diski na nafasi nyingine kama hiyo baada ya diski, kwa hiyo mbao ya futi 12 inadai zaidi ya mita 7, na hapo hujahesabu mahali pa kusimama wewe mwenyewe. Chumba chako kina mita 4.2. Hata ubavu wa kitanda wenye mita 2 hautapasuliwa humo ukiwa umefunga mlango, maana mita 2 za kuingia, mita 2 za kutoka na nusu mita ya mwili wako zinazidi urefu wa chumba.

Kwa sababu hiyo, chukulia kwamba karakana yako ni chumba pamoja na mlango, baraza na uwanja. Mbao ndefu zisiingie ndani zikiwa nzima. Zipokee uwanjani juu ya farasi wawili wa seremala (stendi za miguu za kulazia mbao), uzikate kwa urefu unaokaribia ule unaohitajika, ukiacha ziada ya sentimita 3 hadi 5, ndipo uziingize. Plaiwudi nayo ikatiwe hukohuko nje. Karatasi moja ya milimita 18 ina uzito wa kilo 30 na zaidi, na kuisukuma peke yako juu ya meza ndogo ya msumeno ni kazi ya hatari, kwa kuwa karatasi ikielemea upande mmoja huikaba diski, na diski iliyokabwa huirudisha mbao kwa nguvu kumwelekea aliyeishika. Ilaze karatasi juu ya farasi walioshikanishwa kwa mbao mbili au tatu, funga mbao nyembamba iliyonyooka kwa klempu ili iwe mwongozo, kisha pitisha msumeno wako wa mkononi ukiufuatisha mwongozo huo. Utapata ukingo ulionyooka kama wa meza ya msumeno, na hutakuwa umetumia nafasi yoyote ya ndani.

Sasa niingie kwenye swali lako la kwanza. Sikushauri utengeneze meza moja iliyobeba mashine zote. Katika picha inapendeza, na kwa mtu anayetengeneza kitu kimoja kimoja siku za mapumziko inaweza kumtosha, lakini wewe unatengeneza samani za wateja. Siku utakayounganisha kabati kwa gundi, meza hiyo itashikwa na klempu kwa saa kadhaa, na muda wote huo msumeno uliomo ndani yake hautumiki, wala randa iliyofungwa pembeni yake. Zaidi ya hayo, meza yenye mashine zote, droo na vifaa huwa nzito kiasi kwamba haisukumwi tena, na mwishowe inageuka kuwa kizuizi katikati ya chumba kidogo. Gawanya kazi katika vituo vitatu: benchi la kazi lenye sentimita 60 kwa 150, kibebeo cha meza ya msumeno chenye sentimita 70 kwa 100, na meza ndogo ya sentimita 60 kwa 60 ya keekee, msasa na kunolea patasi. Vyote vitatu kwa pamoja vinachukua takriban mita 2 za mraba kati ya 12.6 ulizonazo, na kila kimoja kinapita kwenye mlango wako kikitangulizwa kwa upande wake mfupi. Ukivitengeneza, vipimo vya nje, pamoja na vishikio na magurudumu yanayochomoza, visizidi sentimita 80 kwa upande huo, ili vidole vyako visibanwe kwenye fremu ya mlango.

Jambo ambalo ningetamani ulizingatie kuliko yote ni kwamba kituo kinachohamishika huhama kwa dakika moja na husimama kwa saa nyingi. Mafundi wengi huweka akili na fedha zote kwenye kuhama, wakasahau kusimama. Randa ya mkono husukuma benchi mbele kila inapopita, patasi na nyundo hulitikisa kutoka juu, na meza ya msumeno inayosogea hata kidogo wakati mbao iko kwenye diski ni hatari kwa maisha. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kwamba wakati wa kazi uzito wote wa kituo uwe juu ya miguu ya mbao, si juu ya magurudumu. Magurudumu yenye breki hayaniridhishi kwa benchi la kuranda. Ya bei nafuu hufunga gurudumu lisizunguke, lakini shingo yake huendelea kugeuka, kwa hiyo benchi linacheza kushoto na kulia. Yapo yanayofunga gurudumu na shingo kwa pamoja, nayo ni bora zaidi, ila bado raba yake hubonyea unaposukuma. Yatafaa kwenye ile meza ndogo ya msasa.

Kwa kibebeo cha msumeno, njia rahisi kuliko zote ni ile ya toroli. Funga magurudumu mawili yasiyogeuka shingo kwenye miguu ya upande mmoja, upande wa nje, juu kidogo ya sakafu, kiasi cha milimita 3. Kibebeo kikisimama, magurudumu hayo hayagusi chini kabisa na miguu yote minne imekanyaga. Ukishika vishikio vya upande wa pili na kuvinyanyua, kibebeo kinainama, magurudumu yanashuka na kubeba mzigo, nawe unakiongoza unakotaka. Hakuna kitasa cha kukumbuka kufunga wala breki ya kuchakaa. Meza ndogo ya msumeno pamoja na kibebeo chake mara nyingi haifiki kilo 70, na kwa kuwa unanyanyua upande mmoja tu, mikono yako inabeba kama nusu ya uzito huo.

Benchi la kazi ni zito zaidi, hasa likiwa na droo zilizojaa, na hapo ninapendekeza magurudumu yanayoshuka na kupanda. Unaweza kuyatengeneza kwa mbao na bawaba bila kununua kifaa chochote cha kigeni. Kwenye kila mwisho wa benchi, katikati ya miguu miwili, chini ya mbao ya mkingamo, funga kipande cha mbao nene ya inchi 2 kwa 6 kwa bawaba mbili imara, kiasi kwamba kinaweza kuning'inia na kupanda. Chini ya kipande hicho funga magurudumu mawili yanayogeuka shingo. Kisha tengeneza kigingi kifupi, nacho kikae kwa bawaba yake ndogo, ambacho kipande kikishuka kinaanguka na kusimama wima kati yake na mkingamo, kikizuia kisirudi juu. Urefu wa kigingi upimwe ili magurudumu yakishuka, miguu ya benchi iachane na sakafu kwa milimita 15. Kwenye saruji laini milimita 10 zingetosha, lakini sakafu nyingi za majumbani zina mabonde. Unanyanyua mwisho mmoja wa benchi kwa mkono, kigingi kinaanguka mahali pake, unahamia mwisho wa pili, na benchi liko juu ya magurudumu manne. Ukifika, unanyanyua tena kidogo, unavuta kamba iliyofungwa kwenye kigingi, na benchi linakaa chini kwa miguu yake. Kamba hiyo iwe ndefu ya kutosha ili mkono wako usiwe chini ya benchi linaposhuka.

Kuhusu magurudumu yenyewe, piga hesabu ya uzito kwa kugawanya kwa 3, hata kama magurudumu ni manne, kwa sababu sakafu isiyo sawa huacha gurudumu moja likiwa hewani na mzigo wote kubaki juu ya matatu. Benchi lenye kilo 130 pamoja na kazi iliyo juu yake linataka kila gurudumu libebe angalau kilo 44, na kwa kuwa litapigwa na kizingiti cha mlango, nunua yanayobeba 60 au zaidi. Kipenyo kisipungue milimita 100 kwa benchi, kwani gurudumu dogo hukwama kwenye ufa, kwenye waya na hata kwenye kipande cha mbao kilichoanguka. Plastiki ngumu huteleza vizuri kwenye vigae lakini hurukaruka kwenye saruji iliyokwaruzwa; raba ngumu inafaa zaidi barazani. Yafunge kwa bolti zinazopenya mbao hadi upande wa pili, zenye washa pana na nati. Skrubu iliyoingia kwenye ukingo wa plaiwudi hupasua tabaka zake na kuchomoka baada ya muda mfupi.

Benchi la miguu minne iliyounganishwa pembeni tu huyumba hata kama mbao zake ni nene. Dawa yake ni kufunika mgongo na pande mbili za mwisho kwa plaiwudi ya milimita 12 iliyotiwa gundi na skrubu kila baada ya sentimita 15, maana ubao bapa uliokazwa pande zote nne haukubali kugeuka kutoka mstatili kuwa umbo la kuinama. Vitu vizito, kama makopo ya misumari, jiriwa za akiba na sanduku la bolti, vikae kwenye rafu ya chini kabisa. Fremu itengenezwe kwa paina ya inchi 2 kwa 4 iliyokauka vizuri. Mninga na mkongo ni mbao nzuri mno na ghali mno kuzificha chini ya benchi. Juu weka plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja. Kwa kuwa uko pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, paka vanishi uso wa juu na wa chini kwa idadi ileile ya matabaka, kwa sababu ubao uliozibwa upande mmoja tu hunyonya unyevu kwa upande mwingine na kujikunja.

Urefu wa vituo kwenda juu ndio unaovifanya vitatu vifanye kazi kama kimoja. Simama wima, mikono ikining'inia, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono. Kwa watu wengi kipimo hicho kiko kati ya sentimita 80 na 90, na hapo ndipo uso wa benchi unapofaa kwa kuranda na kupiga patasi. Kisha tengeneza kibebeo cha msumeno ili uso wa meza yake uzidi ule wa benchi kwa milimita 2 au 3. Benchi likiwekwa nyuma ya msumeno, mbao inayotoka kwenye diski itateleza juu yake bila kugonga ukingo. Msumeno ukae karibu na katikati ya chumba, mstari wa diski ukielekezwa mlangoni, na benchi likisogezwa hadi kwenye kizingiti au kutolewa barazani, ubavu wako wa kitanda wa mita 2 utapasuliwa kwa utulivu. Hakikisha tu kwamba baraza limezuiwa kwa kamba au kiti, ili mtoto asikatize mahali mbao inapotokea.

Sakafu haitakuwa sawa, kwa hiyo milimita 2 hizo zitapotea usipoweka miguu inayorekebishika. Toboa chini ya kila mguu, ugandishe nati ya M12 (ya bolti yenye kipenyo cha milimita 12), kisha ingiza bolti yenye kichwa kipana. Bolti ya M12 ya kawaida hupanda milimita 1.75 kwa kila mzunguko mmoja, hivyo robo ya mzunguko inakupa marekebisho ya chini ya nusu milimita. Ukishasawazisha kwa pima maji, tafuta kama uso umejipinda kwa kufunga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona, zikipishana katikati na kuinuliwa kwenye kona zote nne kwa vipande vya unene mmoja. Nyuzi zikigusana kidogo tu, uso uko sawa. Zikiachana au zikibanana, badili nafasi ya uzi wa juu na wa chini ili uhakikishe, kisha rekebisha mguu mmoja. Halafu chora kwa rangi alama za miguu sakafuni. Kila utakaporudisha kituo kwenye alama zake, marekebisho yatakuwa bado ni yaleyale.

Kwenye umeme nakuomba usibane matumizi. Meza ndogo ya msumeno ya wati 1,800 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 8, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi. Waya wa kurefusha wenye nyuzi za shaba za milimita za mraba 0.75 na urefu wa mita 30, wa aina inayouzwa kwa ajili ya taa na redio, una ukinzani unaokaribia omu 1.5, mashine inapoteza karibu volti 12, na wati 90 hivi zinageuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Waya huo ukiwa umeviringishwa kwenye kigurudumu chake, joto halina pa kutokea, na plastiki huanza kulainika. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5 usiozidi mita 10, ambao utapoteza takriban volti 2, au wa 2.5 ukilazimika kwenda mbali zaidi. Soketi ya ampea 13 inaweza kuhudumia msumeno pamoja na mashine ya kufyonza vumbi isiyozidi wati 1,000, lakini isiongezewe kitu kingine. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee laini ya karakana peke yake yenye waya wa ardhi na kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme unapovuja. Mwambie aiweke soketi juu, karibu na dari katikati ya chumba, ili waya ushuke kutoka juu na magurudumu yasiukanyage kamwe.

Vumbi katika chumba cha mita 12 za mraba si suala la usafi tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ya ndani ya pua na ya matundu ya mifupa yanayoizunguka. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuwaletea baadhi ya mafundi matatizo ya kifua, na la mninga nalo huwasumbua wengine. Kazi ya msasa, ambayo ndiyo inayotoa vumbi jembamba kuliko zote, ifanyike barazani kwenye meza yako ndogo, ndiyo maana nimeipa magurudumu ya breki, ili uihamishe haraka. Ndani, unganisha msumeno na mashine ya kufyonza kupitia ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana: bomba la kuingiza lipinde ndani ya ndoo lielekee ubavuni, hewa izunguke na kuangusha vipande chini, na bomba la kutoa likae katikati ya mfuniko. Weka pete ya plaiwudi ndani ya ndoo, kwani bomba likiziba mfyonzo huibonyeza. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Tafuta ya daraja la FFP2, yaani iliyotengenezwa kuchuja vumbi jembamba, inayokaza usoni. Maranda ya mbao safi wafugaji wa kuku watayachukua kwa furaha, lakini yale ya plaiwudi na ya mbao zilizotiwa dawa usimpe mfugaji yeyote.

Kwa kuwa hukutaja bajeti, nakupangia utaratibu ambao hautakulazimisha kununua kila kitu kwa pamoja. Farasi wawili na mbao ya mwongozo vitengenezwe kwanza, kwani vinakuwezesha kukata plaiwudi tangu wiki hii. Benchi lifuate, likiwa na miguu inayorekebishika hata kabla ya kuwekewa magurudumu. Laini ya umeme ije ya tatu, pamoja na ngazi ya mteremko ya mbao ya kuwekwa kwenye kizingiti. Kizingiti cha sentimita 5 kinataka mteremko wenye urefu wa angalau sentimita 40. Meza ya msumeno iwe ya mwisho, na utakapoinunua usikubali ile isiyo na kisu cha kutenganisha mbao kinachosimama nyuma ya diski na kupanda na kushuka pamoja nayo, kwa sababu hicho ndicho kinachozuia mbao isijifunge na kukaba diski. Kinga ya diski ibaki mahali pake, fimbo ya kusukumia itundikwe kwenye kibebeo chenyewe, na usimame pembeni ya mstari wa diski, si nyuma yake. Mpaka siku hiyo, kupasua mbao kwa msumeno wa mkononi na kuzisawazisha kwa randa juu ya benchi lisiloyumba kutakutosha kwa vitanda, meza na makabati unayoagizwa.